Wenye ubini wa Majaliwa Lindi na Mtwara, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni Majaliwa wa Ruangwa, na kabla hamjauliza: sina undugu na Mheshimiwa. Huku kwetu ubini ni jina la baba au la babu, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Majaliwa kibao wasiozikana. Lakini tangu Kassim Majaliwa ateuliwe Waziri Mkuu Novemba 2015 mpaka alipotoka 2025, watu nisiowajua walikuwa wananipigia simu niwaombee kazi. Uwanja wa timu ya mpira ya Namungo hapa Ruangwa nao unaitwa Majaliwa, basi mgeni nikijitambulisha ananikazia macho. Nyie yamewakuta yapi?

*Mdau, Tandahimba:* Una afadhali, mkuu. Msimu wa 2018 Serikali iliposema itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, malipo yakachelewa kwa uhakiki. Kila nikipita kijiweni: "Majaliwa, muulize mzee hela zinaingia lini?" Na mimi gunia zangu ziko ghalani, nadai kama wao!

*Mdau, Nachingwea:* Mimi na jirani yangu kwenye chama cha ushirika tunaandikwa S. Majaliwa wote. Hela yangu ya ufuta ikaingia kwake. Nimekaa nalaumu benki, jioni namwona anakuja nayo mkononi. Muungwana, ila alishanunulia bando. Sasa nimeng'ang'ania waandike majina matatu.

*Mdau, Masasi:* Mie si ubini, ni jina la kwanza, mniruhusu. Ile ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, watu 24 wakanusurika, na mvuvi kijana Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima kwa uokoaji, halafu akachukuliwa Zimamoto. Kuanzia hapo stendi hawaniiti tena kwa jina, mimi ni Zimamoto. Juzi mafuta yamemshikia moto mama ntilie, bodaboda wote wamekaa pembeni wanapiga kelele: "Mpisheni Majaliwa!"

*Mleta mada:* Hahaha! Sasa ulizima?

*Mdau, Masasi:* Nilifunika karai na mfuniko wa sufuria, ukazimika. Ndiyo nimeharibu kabisa, mkuu. Sasa hivi hata mbuzi akitumbukia shimoni nafuatwa mimi.

*Mdau, Nachingwea:* Shikamoo Zimamoto 😂