Kufundisha kompyuta pasipo intaneti ya uhakika

Mwalimu, Ilemela: Ndugu walimu, shuleni kwetu kompyuta ni chache na intaneti hukatika mara kwa mara. Je, somo lianzie wapi?

Mwalimu, Sengerema: Mwalimu mwenzangu, anzia kwenye kuhifadhi faili na kulipata tena, kwa maana mwanafunzi asiyejua kazi yake imewekwa wapi huipoteza hata akiwa mwepesi wa kuchapa. Programu ya Kiwix nayo hufungua Wikipedia iliyopakuliwa awali, bila intaneti.

Fundi, Nyamagana: Naongeza LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kukokotolea; wanafunzi watumie jedwali lake kukokotoa bei za dagaa wa soko la Mwaloni, Mwanza.

Mzazi, Magu: Nywila zifundishwe mapema, kwani watoto wetu hushika simu zenye pesa kabla ya kugusa kompyuta.