Makaburi ya ukoo wetu yamefukuliwa kwa katapila, mifupa imetiwa kwenye viroba!

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Wazee wetu wamezikwa shambani, chini ya mikorosho. Si makaburi ya msikiti wala ya kanisa, na hayakuandikishwa popote, kwani walizikana pale kabla eneo halijapimwa. Barabara ikaja. Hatukuipinga! Tuliomba kitu kimoja tu: tuambiwe siku, twende na shehe na wazee wa ukoo, tuwatoe wenyewe kwa jembe na mikono. Mkandarasi akaingia alfajiri. Tunafika, tunakuta mifupa ya bibi, ya babu na ya watoto wachanga imechanganywa kwenye viroba vya saruji. Halmashauri wanajibu eti tangazo lilibandikwa. Wapi? Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe hajaliona.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ipo tangu 1969. Inataka wenye marehemu watangaziwe, mabaki yahamishwe kwa heshima na yazikwe upya, na fidia yake inagusa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika, mpaka matambiko. Kwa hiyo asije mtu hapa kusema hilo ni eneo la mila tu. Kaburi la shambani ni kaburi.

Na hili la katapila lisichukuliwe kama jambo dogo. Udongo wenye asidi hula mifupa. Kwenye kaburi la zamani unaweza kukuta meno, kipande cha mfupa wa paja, na doa jeusi tu pale mwili ulipolala. Mchimbaji wa mkono analiona lile doa, anapunguza mwendo, anachota udongo wake wote. Katapila linazoa na kumwaga. Waliozolewa hivyo sasa wako kwenye kifusi cha barabara, na hakuna atakayewatenganisha tena.

Halafu tunapaza sauti kuhusu mafuvu ya wazee wetu yaliyopelekwa Berlin, Ujerumani, enzi za ukoloni. Tunayo haki. Mwaka 2023 makumbusho ya huko yalitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyotoka koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, 202 kati yake ya Tanzania, mengine yakiwa yameibwa makaburini. Vipimo vya DNA vikapata hadi ndugu walio hai Kilimanjaro. Kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani 1900, kinatafutwa mpaka leo. Mtu wa zaidi ya miaka mia anatafutiwa wajukuu zake, sisi wajukuu tuko hapa hapa kijijini na hatukuitwa!

Viroba vimefungiwa stoo ya mkandarasi. Tunataka afisa afya, shehe na wazee waitwe, kila kiroba kifunguliwe mbele yetu. Upande wa bondeni bado kuna makaburi hayajaguswa. Mwanasheria yeyote humu, tuelekeze leo jinsi ya kupata zuio la haraka mahakamani, maana katapila bado liko pale na dereva kaambiwa aendelee kesho.