Biti za house za sasa zimekauka: ninunue TR-808 ya zamani au nibaki na sampuli?

kapteni_biti:
Habari zenu wakuu. Natengeneza house, na singeli kidogo, ndani ya FL Studio (programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta). Ngoma zote ni sampuli za kupakua, yaani sauti zilizorekodiwa tayari. Nikizilinganisha na rekodi za Chicago na Detroit za miaka ya 1980, za wale zinatembea, zangu zimesimama palepale. Mashine za ngoma za zamani za Roland, TR-808 na TR-909, zinauzwa Japani kwa maelfu ya dola. Je, kuna kitu halisi ndani ya mashine zile au tunauziwa jina? Na ikifika huku, inataka nini ili ifanye kazi?

saketi_hai:
Kitu kipo mkuu, ila watu wanazitia mashine hizo mbili kapu moja na si sawa. TR-808 ya Roland ilitengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, zikatoka kama 12,000, na sauti zake zote ni analogi, yaani saketi yenyewe inatengeneza mlio, si rekodi. TR-909 ya 1983 ni mchanganyiko: kiki (ngoma nzito ya chini), snea (ngoma kali ya kati), tom na kofi ni analogi, lakini haihati (matoazi madogo ya "ts-ts") na matoazi makubwa ni sampuli za kidijitali za biti 6 zilizowekwa kwenye chipu. Kwa hiyo anayekwambia 909 inashinda kompyuta kwa kuwa haitumii sampuli, mpuuze.

Kwenye 808, anza na haihati. Kuna osileta (saketi za kutoa mlio) sita za mawimbi ya mraba zinazolia muda wote tangu unapowasha mashine. Ukipiga haihati huziwashi, unazifungulia mlango tu. Kila pigo linazikuta zimefika mahali tofauti kwenye mzunguko wao, kwa hiyo hakuna mapigo mawili yanayofanana kabisa. Wewe unarudia pigo moja lililorekodiwa mara 16 kwa kila bar, na sikio linaligundua hilo mapema sana hata kama mwenye sikio hajui linalomchosha ni nini. (Kengele inachukua mbili kati ya zile sita, takriban 540 Hz na 800 Hz. Ndiyo maana imekaa kama haiko kwenye tyuni ya wimbo wowote.)

Kiki nayo ni saketi inayosukumwa na mpigo mfupi wa umeme wa kama milisekunde 1, kisha inalia yenyewe ikififia, karibu na 49 Hz, yaani sol ya chini. Ikisukumwa tena kabla haijanyamaza, msukumo mpya unajumlishwa na mlio uliobaki. Mara unaongezeka, mara unapungua. Hapo ndipo ule mwendo unapotoka.

Kwenye FL fanya hivi:
– Tafuta rekodi ya haihati ya 808 inayoendelea kwa bar kadhaa, si pigo moja moja. Kata mapigo 12 au 16, yaweke kwenye chaneli zake na uyagawe kwenye patani (mpangilio wa mapigo) bila mpangilio unaojirudia.
– Haihati iliyofungwa na iliyofunguliwa ziweke kwenye kundi moja la kukatana, iliyofungwa iikate iliyofunguliwa.
– Kiki: ondoa mpangilio wa sauti kujikata yenyewe. Acha mikia ipandane, kwa sababu ndivyo saketi ile inavyofanya.
– Snea ya 909: mvumo wake (ule wa "shhh") unatoka kwenye jenereta isiyosimama, kwa hiyo nayo inataka mapigo tofauti, angalau 6.

transfoma_100V:
Nijibu upande wa kununua.

Mashine ya soko la Japani ni ya 100V. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230V ya Tanzania au 240V ya Kenya, transfoma ya ndani inaungua, na kuipata nyingine ni shughuli. Nunua transfoma ya kushusha hadi 100V kamili. Zile za 110V zilizojaa madukani zinawasha, lakini regyuleta (vidhibiti vya umeme vya ndani) zitakuwa zinachemka kuliko kawaida. Kwa matumizi yake, ya wati 50 inatosha na kubaki. Masafa ya 50 Hz yasikutishe, Japani ya mashariki, Tokyo ikiwemo, inatumia hayohayo.

Omba video ya kila ngoma ikilia peke yake, kisha vitufe vyote 16 vikibonyezwa kimoja kimoja, kwa sababu vikichakaa vinaruka au kupiga mara mbili. Halafu mwombe muuzaji aandike patani, azime, awashe tena. 808 inahifadhi kumbukumbu kwa betri tatu za AA. Zikisahauliwa humo miaka mingi zinavuja na kula vibati. Kutu kidogo inatoka kwa siki, kisha ufute kwa spiriti. Kama majimaji ya betri yamefika kwenye bodi, achana na mashine hiyo. Betri ya 909 imelehemiwa ndani; fundi akiibadilisha, aweke kishikio ili safari nyingine iwe ya kuchomoa tu.

Ukisikia mngurumo chini ya kila sauti, ni kapasita za pawa saplai zimekauka. Hizo badilisha. Lakini usikubali fundi anayetaka kubadilisha kapasita zote za bodi ya sauti "kwa usalama". Zile ndizo zinazopanga kila ngoma inalia vipi, na sauti ikishahama huirudishi. Kuna pia transista ya mvumo unaolisha snea, kofi na kayamba. Kiwandani zilichaguliwa kwa makusudi zile zenye kelele, hivyo mpya nzima ya dukani haitakupa mvumo uleule.

Na tundu la pini 5 la 808 linawaponza wengi. Linafanana na la MIDI (njia ya vyombo vya kielektroniki kuwasiliana) lakini ni la kuoanisha mwendo wa mashine (sync): pini 1 ni kuanza na kusimama, pini 3 ni saa, mipigo 24 kwa kila noti ya robo. MIDI inatumia pini 4 na 5. Ukichomeka waya wa MIDI, mashine inakaa kimya wala haijaharibika, inataka kigeuzi. 909 ina MIDI yake.

sikio_kavu:
Wakuu, mmeruka tatizo lenyewe. Nyimbo nyingi za sasa zinafia kwenye limita (kifaa kinachobana vilele vya sauti ili wimbo uonekane mkubwa). Chukua wimbo uliobanwa hadi −6 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti): Spotify kwa kawaida inachezesha kwenye −14, kwa hiyo unashushwa desibeli 8, na kiki uliyoisagia limita inabaki bapa bila hata kupata ukubwa wa sauti. Kwa klabu −9 inatosha, kilele −1 dB. Kabla hujanunua mashine, zima limita, shusha geini (nguvu ya sauti uliyoongeza) yote, sikiliza tena.

Na amapiano imetikisa dunia na log drum (besi yenye mlio wa gogo) iliyoanzia kwenye plagini, yaani programu ndogo ya sauti, ya FL. Hakuna aliyeagiza 808 hapo.

kapteni_biti:
Nimezima limita, haihati zimefunguka. Ila kwenye singeli ya 200 BPM (mapigo kwa dakika) kuacha mikia ya kiki ipandane kunaleta tope.

saketi_hai:
Lazima. Kwa 200 BPM, noti ya moja ya kumi na sita (robo ya pigo) ni milisekunde 75. Wimbi moja la 49 Hz linachukua kama 20, kwa hiyo hata mawimbi manne hayatimii kabla ya pigo linalofuata. Pandisha sampuli hadi 60 Hz hivi na ufupishe mkia usizidi milisekunde hizo 75. Kwenye 808 halisi usingeweza hata kupandisha, kiki yake haina nobu ya tyuni. Upandanaji uuache kwa house ya 120 hadi 125.

Ongeza sachuresheni (kukwaruza sauti kidogo ili izae milio ya juu) kidogo kwenye kiki, maana spika ya simu haitoi 60 Hz. Ukipata mawimbi ya 120 na 180 Hz juu yake, itasikika hata kwenye spika ndogo ya bodaboda.

transfoma_100V:
Ukitaka vitufe vya kushika mkononi, Behringer RD-8 ni analogi na Roland TR-08 ni ya kidijitali inayoiga saketi, zote bei ni ndogo mno kando ya 808 halisi. Ya zamani inunue tu kama una fundi anayesoma mchoro wa saketi hapo ulipo.