Kompyuta niliyounga mwenyewe: draiva ya kadi ya grafiksi inagoma, kosa namba 43

Mkata Video
Wakuu, habari za majukumu. Niko Morogoro, kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Nimejichanga muda mrefu, nikanunua vifaa kimoja kimoja Kariakoo na kuviunga mwenyewe nyumbani: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (ubao mkuu) ya B550, ramu mbili za 8GB DDR4 3200, diski ya NVMe, pawa saplai ya wati 550 na kadi ya RX 580 ya 8GB. Vyote vipya, isipokuwa kadi ni ya mtumba.

Siku ya kwanza feni zilizunguka, kioo kikawa cheusi. Nilikesha nikichomoa ramu na kuzirudisha, kumbe waya wa HDMI nimeuchomeka kwenye mazabodi, na prosesa hii haina grafiksi ndani yake, yaani haiwezi kutoa picha bila kadi. Nilipouhamishia kwenye kadi, picha ikaja. Naliandika hili kwa atakayekwama kama mimi.

Sasa Windows imekaa, lakini waya wa intaneti hautambuliki, na ramu inasoma kasi ya 2133 badala ya 3200. Kubwa zaidi ni kadi. Maandishi kwenye kioo ni makubwa mno na hayabadiliki. Draiva, ile programu ya kuiwezesha Windows kuitumia kadi, naipakia, inafika mwisho bila kulalamika, nikiwasha upya nakuta alama ya njano kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows) na kosa namba 43, yaani Windows imeisimamisha kadi. Nimerudia mara nne. Nina kazi ya watu ya Jumamosi. Kadi imekufa, au pawa saplai haitoshi? Natanguliza shukrani.

Wati Kamili
Mkuu, hongera kwa kuunga mwenyewe. Mimi naishuku pawa saplai. RX 580 inakula kama wati 185 na prosesa hiyo 65, kwa hiyo 550 zingetosha kabisa, ila zipo zinazobandikwa namba ambazo hazizifikii. Kadi unailisha kwa waya wake wa pini 8, au umetumia adapta?

Mkata Video
Waya wake wa pini 8, mkuu, umetoka moja kwa moja kwenye pawa saplai.

Dada wa Mafaili
Kaka, anza na intaneti, maana bila hiyo mengine yatakusumbua bure. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye simu washa kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Windows huipokea bila kudai draiva. Hapo ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza mazabodi yako, tafuta modeli kamili pamoja na toleo lililochapwa kwenye ubao wenyewe, ushushe draiva ya chipuseti (chipu za mazabodi zinazounganisha vifaa) na ya mtandao. Zile programu zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa mkupuo mmoja zikwepe. Nimesafisha kompyuta za watu kwa sababu yake.

Ramu zikae tundu la pili na la nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Hiyo 2133 si ugonjwa, ndiyo kasi ya kuanzia mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kuipa ramu kasi yake kamili, kwenye baiosi, programu ya ndani ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows. Ila usiiwashe leo, nakuomba. Ukigusa mambo mawili kwa pamoja na kosa likazuka, hutajua lipi limelileta.

Babu Chipu
Wenzangu mniwie radhi, pawa saplai mimi siioni hapa. Umeme ukipwaya, mashine huzimika au kujiwasha upya ikipewa kazi nzito. Huyu bwana hajaifikia hiyo kazi nzito, draiva inagoma kompyuta ikiwa imekaa tu.

Kadi hizi zilitumika sana kuchimba sarafu za kidijiti. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, nyingi zikaingia sokoni kama mtumba. Wachimbaji walikuwa wanaandika upya baiosi ya kadi, maana kadi nayo ina baiosi yake: kasi ya kumbukumbu inapandishwa, ya chipu inashushwa ili umeme uliwe kidogo. Draiva hukagua saini (alama ya uhalali) ya baiosi hiyo, na ikikuta imeguswa inakataa kuanza, ndipo unaletewa 43. Maana yake kadi yako inaweza kuwa nzima kabisa.

Shusha GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, unisomee mstari wa Shaders (idadi ya viini vya kuchora picha) na kasi ya kumbukumbu. RX 580 kamili ina 2304. Ukikuta 2048, hiyo ni ya toleo la 2018 lililolengwa soko la China, nguvu zake ni za RX 570. Kasi ya kawaida ya kumbukumbu kwa 8GB ni MHz 2000.

Mkata Video
Shaders 2304. Kumbukumbu 2150. Aliyeniuzia alisema imetoka kwenye kompyuta ya ofisi.

Wati Kamili
Basi naondoa neno langu, Babu yuko sahihi. Aandike baiosi ya asili tu, programu ya kufanya hivyo ni ya bure.

Babu Chipu
Taratibu hapo. Prosesa yake haina grafiksi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hataona kitu kwenye kioo mpaka aazime kadi nyingine. Tena baiosi lazima iendane na chipu za kumbukumbu zilizo kwenye kadi: za Samsung, Hynix au Micron, si kuokota yoyote.

Jaribu hili kwanza. Zima, chomoa waya ukutani, kisha mulika ukingo wa juu wa kadi. Baadhi zina swichi ndogo kama punje ya mchele, na hizo hubeba baiosi mbili. Mara nyingi mchimbaji aligusa moja akaiacha nyingine. Isogeze upande wa pili, uwashe. Ukishaona picha, shusha draiva mpya na DDU, programu ya kufuta draiva za zamani, chomoa intaneti ili Windows isikutangulie kuweka draiva yake, ingia hali salama (Safe Mode) ufute mabaki kwa DDU, ndipo upakie hiyo mpya.

Mkata Video
Wakuu, swichi ipo! Ilikuwa imefunikwa na vumbi, nimeipata kwa tochi ya simu. Nimefuata hatua zote. Alama ya njano imeondoka, kioo kiko 1920 kwa 1080, kumbukumbu inasoma 2000. Klipu ya dakika 4 imetoka mpaka mwisho, joto la kadi limefika nyuzi 83. Intaneti imekubali kwa njia ya Dada. Ramu moja ilikuwa tundu la kwanza, nimeihamisha. XMP sijaigusa.

Dada wa Mafaili
Afadhali! Nyuzi 83 inavumilika, ila iko juu. Usiifungue kabla ya Jumamosi. Acha mlango wa kasha wazi, feni ya mezani ipulize humo. Ukishakabidhi kazi, toa vumbi, badilisha krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na chuma cha kupozea, halafu ndipo XMP.

Babu Chipu
Na kabla hujalala, chukua nakala ya baiosi hii inayofanya kazi kwa GPU-Z, uiweke nje ya kompyuta hiyo.

Mkata Video
Nimeiweka kwenye flashi, na upande wa swichi nimeutia alama kwa wino. Jumapili nitarudi na picha za kadi ikiwa imefunguliwa, mnielekeze krimu niipake wapi.