Jina la binti: Sedna, Nuliajuk au Pinga? Ushauri wa haraka tafadhali

Baba_Kijacho
Wakuu habari zenu. Tunatarajia binti muda wowote kuanzia sasa na bado hatujakubaliana jina. Mimi nataka la Kiinuit (wale wenyeji wa kaskazini ya mbali, Kanada na Greenland) lenye uzito, hizi Chloe na Olivia hapana. Nimechuja mpaka nimebakiwa na matatu, Sedna (mungu wa kike wa bahari), Nuliajuk (kama nimeelewa ni yuleyule ila linasikika tofauti) na Pinga (mungu wa kike wa uwindaji, uzazi na uponyaji). Naegemea Pinga kwa ajili ya huo uponyaji. Nipeni faida na hasara za kila moja, Ijumaa nataka niwe nimeshaamua.

Nahodha_wa_Tanga
Pinga 😂😂 mkuu umefikiria siku huyo mtoto akiletwa likizo kwa bibi yake? "Pinga njoo uoge." Kashapinga. Chukua Sedna, fupi, hata bibi analiweza.

DadaMwanamkuu
Mbona mleta mada umemwaga majina matatu ukakimbia? Uko wapi kwanza? Mama wa mtoto ni nani na anasemaje? Mtu wa Buguruni aliyeokota jina gugo ni habari moja, na mtu aliyeoa huko ni habari nyingine kabisa. Jibu haya ndo tukushauri.

Mzee_Kombo
Mwanangu, majina mazuri yamejaa tele, Rehema, Neema, Salama. Mtoto wa watu unamwita jina la mungu wa kipagani kwa lipi? Ukiulizwa kesho utajibu nini?

Nesi_Kaskazini
Nimefanya kazi Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, kwa hiyo niseme kidogo. Hizi orodha za mtandaoni za "mungu wa uwindaji, mungu wa uponyaji" zinawapanga hawa kama miungu ya Wagiriki, kila mmoja na idara yake na meza yake. Wenyewe hawakuwa hivyo. Sedna ni jina alilolichapisha mwanaanthropolojia Franz Boas mwaka 1888 baada ya kukaa na watu wa kisiwa cha Baffin, na likasambaa kwa sababu kitabu kilisambaa, ila ukienda kwa Wanetsilik ndo utasikia Nuliajuk, ambalo ndani yake mna nuliaq yaani mke, ukienda Igloolik ni Takannaaluk, yule wa kule chini, ukivuka Greenland ni Sassuma Arnaa, mama wa kilindini. Kuna sehemu ni Arnapkapfaaluk, mwanamke mkubwa mbaya, hilo naona hujaliweka kwenye list yako 😄

Hadithi yenyewe unaijua lakini? Binti amekataa wachumba wote, mwisho akaolewa na ndege wa baharini aliyejigeuza mtu, baba yake akamfuata na kayaki amrudishe nyumbani, ndege wakaipandisha dhoruba, mzee kwa woga akamtupa bintiye majini. Binti akang'ang'ania ukingo wa kayaki, baba akatoa kisu akamkata vidole, pingili kwa pingili, na kila pingili iliyoangukia majini ikawa mnyama, sili, walarasi, nyangumi. Akazama, na wanyama wote hao ni wake. Watu wakivunja miiko, uchafu unamganda kwenye nywele na hana vidole vya kuchania, basi anakasirika anawafungia wanyama, kijiji kinalala njaa. Hapo angakkuq, mganga wao, anashuka kwa roho mpaka chini ya bahari, anakaa naye, anamchana nywele taratibu na kumsuka mpaka hasira zishuke. Sasa uwindaji na uganga utautenganisha vipi hapo?

Nahodha_wa_Tanga
Duh. Nafuta kauli yangu ya Sedna. Baba kamkata vidole halafu wewe ndo baba unampa binti yako jina hilo??

kijana_wa_Likoni
Mi naona Sedna iko poa tu. Kuna hata sayari ndogo inaitwa hivyo, ilionekana mara ya kwanza 2003, iko mbali sana, mwaka wake mmoja ni zaidi ya miaka elfu 11 yetu. Nyekundu hivi. Mtoto akikua aambiwe ni jina la nyota shida iko wapi, hadithi nani ataenda kuisoma.

DadaMwanamkuu
Sayari ndogo si nyota kaka. Na watu wanasoma hadithi, hasa watoto wenzake shuleni. Bado namsubiri mleta mada.

Baba_Kijacho
Samahanini nilikuwa kazini. Tuko Montreal. Mke wangu ni Inuk wa Nunavik, huko juu kaskazini mwa Quebec. Yeye anasema tusubiri tuongee na mama yake, na mama mkwe keshasema, anataka mtoto aitwe jina la kaka yake aliyefariki wakati wa baridi iliyopita. Ndo tatizo langu, jina la MJOMBA. Mtoto wa kike! Nikaona nitafute la kwao hilohilo lakini la kike, ili nisionekane nimekataa.

DadaMwanamkuu
Haya!!! Hilo ndo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya uzi wako.

Nesi_Kaskazini
Mkuu hapo mambo yote yanabadilika. Kwao jina linaitwa atiq na halichaguliwi kwa uzuri wa maana. Ni sehemu ya mtu, mwenyewe akifa linarudi kwa mtoto, na halina uke wala ume, msichana kupewa jina la babu au mjomba ni kawaida kabisa. Nimeona bibi wa miaka sabini na kitu anamwita mtoto mchanga "baba", anampakata, analia, anacheka, na nyumba nzima hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kichanga kina jina la marehemu baba yake. Mama mkwe wako anamtaka kaka yake arudi nyumbani. Wewe unamletea Pinga.

Mwana_wa_Shela
Hili si geni kwetu. Sisi mtoto anapewa la bibi, na wenye jina moja wanaitana somo au wajina, somo yako anakununulia nguo ya sikukuu. Mimi mwenyewe mama yangu ananiita "mama" mpaka leo.

Nesi_Kaskazini
Ndiyo, na Nunavik huyo wajina wanamwita sauniq, yaani mfupa. Kuhusu Pinga, kwa faida ya uzi, maana yake ni yule aliye juu tu. Habari zake mtafiti wa Denmark Knud Rasmussen alizipata 1922 kwa Wainuit wa bara, magharibi ya Hudson Bay, wanaoishi kwa kuwinda karibuu, kulungu wa huko. Ndiye mlinzi wa hao wanyama, hapendi waumizwe ovyo. Mganga wao Igjugarjuk alisimulia alivyowekwa peke yake kwenye kibanda cha theluji siku 30 katikati ya baridi, karibu bila kula wala kunywa, mpaka akaona mwanamke anaelea hewani juu yake, roho ya kumsaidia iliyotoka kwa Pinga. Uponyaji wenyewe ndo huo. Sasa angalia, mmoja yule wa chini, mwingine yule wa juu. Ni kuelekeza kidole tu, sijawahi kukutana na mtoto aliyeitwa hivyo.

Mzee_Kombo
Kumwita jina la mjomba wa watu sina tatizo nalo. Hilo ni kuunga udugu.

Fundi_Winnipeg
Mimi nakuonya habari ya fomu, jina la kwanza wala lisikuumize kichwa. Mwanangu wa kwanza tuliandika kama nyumbani, jina lake, langu, la babu. Karani (sitaji ofisi) akachukua la babu akaliweka ukoo. Wa pili karani mwingine akasema ukoo ni jina langu. Mke wangu ana la baba yake. Leo tukifika airport ni familia moja yenye koo tatu, nimeshawekwa pembeni nikiwa na watoto wawili wanalia, naulizwa hawa ni wa nani, nimeonyesha vyeti, nimeonyesha picha za arusi, wakampigia simu mama yao ndo tukaachiwa na ndege ishaondoka. Kurekebisha wananidai hela na barua ya kiapo na sijui nini. Ukoo wa mtoto utakuwa upi? Umeshajua? Anza na hilo.

Nesi_Kaskazini
Na wakwe zako hilo wanalielewa kuliko sisi. Wainuit hawakuwa na ukoo, serikali ikaona taabu, kuanzia 1941 ikawapa namba kwenye visahani vidogo vya kuvaa shingoni, E kwa wa mashariki, W kwa wa magharibi. Barua inakuja kwa namba. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 60 ndo Abe Okpik, Inuk mwenzao, akapewa kazi ya kuzunguka vijiji kuwaandikisha majina ya ukoo.

kijana_wa_Likoni
Namba shingoni kama ng'ombe?? Hawa maEskimo waliteswa aisee

Nesi_Kaskazini
Eskimo usilitumie Kanada, wengi wanalichukulia tusi. Inuit, mmoja ni Inuk.

DadaMwanamkuu
Mleta mada, Quebec unapewa siku 30 baada ya kuzaliwa kupeleka tamko la uzazi, hiyo Ijumaa umeitoa wapi?

Baba_Kijacho
Ijumaa ni mama mkwe anapiga simu 😅 Nimewasoma wote. Je nikiweka la mjomba kwanza na Pinga la katikati? Mke wangu nimemwambia kacheka tu, hajajibu.

Nahodha_wa_Tanga
Akicheka bila kujibu ni hapana hiyo.

Mwana_wa_Shela
Swali nje ya mada, ukienda ukweni wanakupa nyama ya sili unakula? Si halali?

Mzee_Kombo
Cha baharini kwa Shafi ni halali, lakini sili anapanda na nchi kavu, hapo wanachuoni wana maneno.

Mwana_wa_Shela
Mzee analala juu ya barafu tu, barafu si bahari hiyohiyo?

Mzee_Kombo
Muulize shekhe wa Montreal, mimi barafu naijua ya kwenye togwa.