Naomba ushauri: elektroni zangu zinapoteza nishati bila sababu

Wakuu, habari za jioni. Niko Chumbageni, Tanga. Huu mwezi wa pili naandika programu kwa Python ya kuigiza mwendo wa elektroni zenye nishati kubwa kwenye mikanda ya Van Allen, yaani maeneo yanayoizunguka Dunia yaliyojaa chembe zenye nishati kubwa, ile iliyogunduliwa mwaka 1958.

Nimeanza na uga wa sumaku wa Dunia peke yake, bila mawimbi. Ukiwa juu ya ikweta, mara 5 ya nusu kipenyo cha Dunia kutoka kitovuni, uga ni kama nanotesla 250, hivyo elektroni ya kasi ndogo huzunguka mstari wa uga mara 7,000 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo nimekwama. Sumaku hupinda njia ya elektroni tu, haiipi wala kuinyang'anya nishati, lakini kwangu inapungua kidogo kidogo kila mzunguko! Natumia Runge-Kutta ya daraja la 4 (njia ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua). Nikifupisha hatua za muda nafuu inaonekana, ila kompyuta inakesha, na umeme ukikatika naanza upya.

Nimesoma kuhusu njia ya Boris, njia nyingine ya kukokotoa mwendo wa chembe kwenye uga wa sumaku. Kuna aliyeitumia? Nihamie huko?

La pili ni mawimbi ya plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme), yale ambayo yakigeuzwa sauti hulia kama ndege wa alfajiri (nayapenda mno, ndiyo yaliyonivuta huku). Niyaweke kwa fomula, au niigize plazma yenyewe? Najua elektroni ndizo zinazoyalisha, ila RAM yangu ni GB 8 tu.

Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.