Naomba ushauri: hadithi ninayo, mwanzo sina

Jambo sana, baba, mama na ndugu zangu. Niko Goma, mtaa wa Majengo. Ninataka kuandika kitabu changu cha kwanza, riwaya fupi juu ya volkano ya Nyiragongo ilivyolipuka tarehe 22/5/2021. Mlipuko wenyewe haunivuti sana. Ni zile siku zilizofuata, ardhi ikitetemeka mchana na usiku, mpaka tarehe 27 tulipoambiwa tuhame: watu wakafunga magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wakashika barabara ya kwenda mji wa Sake. Niliona majirani waliokuwa hawasalimiani wakibebeana watoto. Roho yangu inarudi hapo kila nikishika kalamu.

Shida ni kwamba nikiandika, inatoka kama habari ya redio. Tarehe, lava, sehemu ya Buhene, uwanja wa ndege, basi tu. Hakuna mtu anayepumua ndani. Nimejaribu kuanzia usiku wa moto, nikajaribu kuanzia kule Sake, vyote nikaviacha njiani. Kilichonisaidia kidogo ni kukaa na mama wauza makala (mkaa) wa mtaani na kuwasikiliza. Maneno yao yana uhai kuliko yangu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Anayeanza aandike kwanza kile kipande kinachomchoma, hata kama ni cha katikati, ao apange hadithi nzima mbele? Na nikitumia masimulizi ya hao mama, niwaombe ruhusa namna gani, na nibadilishe nini ili wasitambulike mtaani?

Aksanti sana.